Pengo

Saa nane na dakika nne usiku nilituma maombi.
Saa nane na dakika nane wakanijibu:
tunakushukuru, tunasikitika, tunakutakia kila la heri.
Birika langu lilikuwa bado halijachemka.

Timișoara yote imelala, tramu ya kwanza bado,
na mimi jikoni naitambua haraka ile.
Mkono ulionitupa nje niliufinyanga mwenyewe.

Miaka tisa nyuma, Alhamisi, ghorofa ya tatu,
Cornel kashavaa koti, funguo za gari zinalia mkononi:
"Smaranda, tupatie chekecheke, waombaji ni elfu mbili,
na binti yangu anapiga fidla saa kumi na mbili."
Nikaandika mistari arobaini.
Wa thelathini na moja ulisema:
mwenye pengo la zaidi ya miezi sita, mteremshe.
Kwa nini sita? Sikumbuki.
Labda ilikuwa Juni. Labda nilikuwa na njaa.
Programu haiulizi namba ilizaliwaje;
ikipewa sita, sita ndiyo sheria.
Nikapongezwa. Nikapandishwa cheo.
Nikanunua buti nyekundu.

Kisha mama akaanza kusahau jina la mkate.

Miezi kumi na minne.
Nilijifunza vidonge kwa rangi,
kumgeuza bila kumwamsha,
kuisikia pumzi ikijikwaa kabla haijaanguka,
na kucheka naye alipocheka, pengo lake la mbele
wazi kama dirisha la jikoni.
"Smaranda," alisema siku moja, jina limemrudia,
"wewe huna kazi?"
"Ninayo, mama."
"Wanakulipa?"
Nikamfunika miguu.

Ilinca ananiambia: liziba.
Andika "mshauri wa kujitegemea", wote huandika hivyo,
nani atapiga simu kuuliza?
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena,
nikatuma kampuni saba. Sikufichi.
Nao wakanikataa, ila polepole,
kwa adabu, baada ya siku tatu.

Nikamwandikia Cornel:
fungua mstari wa thelathini na moja.
Weka ishirini, weka mia, weka jicho la mtu.
Jibu likaja Jumapili:
"Walinipunguza tangu Machi. Nikaomba kwingine, likanichuja.
Lile chekecheke liliuzwa, likauzwa tena.
Sijui nani analishika sasa.
Nadhani hakuna."

Hakuna.
Nililirudia neno lile nikiosha kikombe kilichokuwa safi.
Nilidhani kuna mtu ananichukia mahali fulani,
ana meza, ana tai, ana mke anayemnunia.
Ningemsamehe.
Utamsamehe vipi mstari?

Jana nilikwenda karakana ya tramu, ng'ambo ya mto Bega.
Wanataka mtu wa kupima programu ya ratiba.
Mshahara ni nusu ya ule wangu wa zamani,
cheo ni kile cha msichana aliyehitimu Julai,
nami nina miaka arobaini na sita na buti zilizochakaa kisigino.
Bi Zamfira alikuwa amechapa wasifu wangu.
Kwenye karatasi! Na juu yake duara la kikombe cha chai.
Akausoma kwa kidole, taratibu,
kama anayetafuta mwiba kwenye samaki wa mtoto.
Kidole kikapita chuo, kikapita cheo, kikapita tuzo
ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau,
kikafika kati ya mwaka na mwaka, penye weupe
(ule uongo niliung'oa alfajiri),
kikasimama.

Nje walikuwa wanaiosha tramu namba nne,
maji yanapiga bati.

"Na hapa?"
Akainua macho. Akangoja.
Tangu nianze kutafuta, sikuwa nimengojwa na mtu.

Nikavuta kiti karibu na meza.